Nyumba ya 1978 Japani: tunang'oa tatami (mikeka minene ya kijapani ya sakafuni) tuweke sakafu ya mbao, ila kona moja inabonyea. Mafundi wawili, majibu mawili

#1 Mkwe_wa_Gunma
Wakuu heshima kwenu, hasa mlioko Japani na maseremala popote mlipo.

Mimi na mke wangu tumehamia kwa wazazi wake, Gunma. Nyumba ya mbao isiyo na ghorofa, imejengwa 1978. Ndani kuna chumba cha kijapani cha tatami sita. Tunataka kukigeuza kiwe cha sakafu ya mbao kwa sababu mama mkwe siku hizi anatembea kwa kushikilia kigari, na magurudumu yanazama kwenye tatami. Kitanda chake kinachoinuka na kushuka nacho kitaingia humo.

Shida ni kona moja, upande unaopakana na bafu. Ukiikanyaga inabonyea halafu inarudi. Haijavunjika. Nikaita mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alikanyaga kidogo, akasema toa tatami, laza plaiwudi juu ya mbao zilizopo, pigilia sakafu mpya, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili akaingia chini ya nyumba na tochi, akatoka na utando wa buibui kichwani, akasema chumba kizima kifumuliwe mpaka udongo uonekane. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Namuuliza tatizo ni nini, anajibu "unyevu" basi, kama daktari anayekwambia "una homa".

Nani anasema kweli? Na kwa nini inabonyea?

#2 Kibada_Kwetu
Siti ya mbele kabisa. Mke, mama mkwe na mafundi wawili, uzi huu hauishi leo.

#3 Randa_Kali
Niko Nagoya, kazi yangu ni hii hii ya mbao. Mleta mada, kubonyea peke yake si ugonjwa.

Tatami ya kawaida ina unene wa milimita 55 mpaka 60. Chini yake kuna mbao nyembamba za sugi (mti wa mbao laini wa huku), au plaiwudi ya milimita 12, zimelala juu ya viboriti vilivyoachana kama sentimita 45. Aliyejenga hakutegemea mtu azikanyage mbao zile moja kwa moja, tatami ndiyo inayotawanya uzito. Sakafu ya mbao inataka viboriti viachane sentimita 30 hivi. Ukipigilia juu ya mpangilio wa zamani, chumba kizima kitakuwa kama hiyo kona yako.

Halafu kuna kimo. Ukitoa milimita 60 lazima urudishe 60, la sivyo mlangoni kutabaki ngazi ya kumkwaza huyo mama unayemjengea. Hesabu ya kawaida ni kiboriti kipya cha 36, plaiwudi 12, sakafu 12. Fundi anayesema "plaiwudi na sakafu" tu, muulize milimita 36 zilizobaki anazipeleka wapi.

Na katikati ya viboriti jaza povu gumu la kuzuia baridi. Tatami ilikuwa blanketi lenu bila ninyi kujua. Ukiitoa usiweke kitu, upepo wa Gunma wa Januari utapanda miguuni.

#4 Mama_Chiba
Randa_Kali kaeleza vizuri, ila kasema "si ugonjwa" mapema mno. Kona moja tu? Upande wa bafu? Huyo ni mchwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwetu ilianza hivyo hivyo. Mume wangu akawa anasema ni uzee wa nyumba. Siku tumeinua tatami, ubao ukapasuka kama biskuti mkononi. Angalia kwenye zege la msingi kama kuna vinjia vya udongo vinavyopanda, unene wa penseli. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, ikisikika tupu ndani imeliwa. Na mwulize mama mkwe kama amewahi kuona kumbikumbi ndani ya nyumba mwezi wa nne au wa tano, mchana, hasa siku baada ya mvua.

#5 Mkwe_wa_Gunma
Ahsanteni. @Mama_Chiba nimemuuliza. Anasema wadudu wenye mabawa huwaona kila mwaka "kama kila mtu". Hilo jibu halinisaidii.

@Randa_Kali fundi wa kwanza nimempigia kuhusu zile 36. Kacheka, kasema atainua kwa vipande vya mbao.

#6 Sao_Hill
Salamu kutoka Mafinga, kwenye misonobari yenyewe. Mimi Japani naijua kwa magari tu. Ila sugi nimeishika mkononi, kuna mradi ulileta sampuli, ukiikwaruza kwa ukucha inabaki alama. Mnajenga nyumba kwa mbao laini hivyo halafu mnashangaa kubonyea? Leteni mninga.

#7 Randa_Kali
@Sao_Hill sugi ni laini kweli, lakini nyumba nyingi huku zimesimama nayo miaka mingi kuliko umri wako na wangu. Ubao laini hauui nyumba. Maji ndiyo yanayoiua. Na mninga utaufikishaje Gunma, kwa basi?

#8 Dogo_Yard
Mimi nauza magari huku Saitama, nyumba yangu niliifanyia mwenyewe wikiendi. Usihangaike na mafundi. Sakafu ya hapa inauzwa kwa boksi, vipande sita vya milimita 303 kwa 1818, boksi moja ni mita za mraba 3.3, sawasawa na tatami mbili. Chumba cha tatami sita ni maboksi matatu. Tatami ni kipimo kimoja Japani nzima, huwezi kukosea.

#9 Bi_Mwera
@Dogo_Yard hapo umepotea njia wewe! Mimi nakaa Kyoto. Tatami ya huku ni sentimita 191 kwa 95.5. Ya Tokyo na upande wenu ni 176 kwa 88. Ya Nagoya kwa Randa_Kali ni 182 kwa 91. Za maghorofa ya serikali ndogo zaidi, 170 kwa 85. Chumba cha tatami sita cha Kyoto kinakaribia mita 11 za mraba, chenu hata 9.5 hakifiki. Mtu wa Kyoto akinunua maboksi matatu atalala nusu kwenye mbao nusu kwenye udongo.

#10 Dogo_Yard
Sawa bibi, ila jamaa yuko Gunma, kipimo cha Tokyo. Matatu yanatosha.

#11 Randa_Kali
Yanatosha kwenye karatasi. Ukikata mabaki na kukwepa ubao wenye kasoro, utatamani la nne. Na usibane ubao mpaka ukutani, acha nafasi ya milimita chache, mwezi wa sita mvua zikianza mbao zinavimba na kuinuka katikati. Pia nyumba ya 1978 haina kona ya nyuzi 90 hata moja, pima kila upande.

#12 Bi_Mwera
Mie nauliza jambo ambalo wanaume wa uzi huu hamjaliuliza: tatami yenyewe ina kosa gani? Nyumbani Unguja tumelelewa kwenye mkeka wa ukindu, chumba unakifagia unakitandika, kinalalwa, kinaliwa, kinaswaliwa. Nilipofika huku nikaingia chumba cha tatami nikajiona nimefika kwetu. Igusa, ile nyasi inayofumwa uso wa tatami, ikiwa mpya ina harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi; ile inayolimwa Japani nyingi inatoka Yatsushiro, Kumamoto. Na haitupwi ikichakaa: baada ya miaka kadhaa uso unageuzwa upande wa pili, ukichoka tena unabadilishwa uso tu, kiini kinabaki.

Mnang'oa kitu kinachopumua mnaweka ubao wa gundi.

#13 Mama_Chiba
Kinapumua na utitiri pia, mwanangu alikohoa mwaka mzima.

#14 Bi_Mwera
Utitiri ni wa kufunika zulia juu ya tatami! Watu wanatandika zulia, joto na unyevu vinabanwa katikati, halafu lawama kwa tatami. Fungua dirisha, Mama Chiba.

#15 Mkwe_wa_Gunma
@Bi_Mwera mke wangu kasoma bandiko lako kwa tafsiri ya simu, kakupigia makofi. Hata yeye hataki, amezaliwa na kulelewa chumba hicho. Lakini kigari cha mama yake hakiendi. Tumekubaliana chumba cha wageni kibaki na tatami.

#16 Otieno_wa_Osaka
Mambo wasee. Wacha niwaambie ya gorofa, manake kuna mtu atasoma hii akiwa kwa gorofa aanze kung'oa vitu.

Mimi nilinunua nyumba kwa jengo la zamani huku Osaka, chumba kimoja cha tatami. Nikaita fundi, bei poa, tukapanga siku. Bahati nzuri jirani mmoja mzee akaniuliza kama nimepeleka karatasi kwa kamati ya jengo. Karatasi gani? Kumbe kanuni za jengo letu zinasema kutoa tatami kuweka mbao lazima uombe ruhusa, upeleke mchoro, na sakafu iwe ya daraja la kuzuia sauti LL-45 au bora zaidi. Hiyo ni mbao iko na sponji nyuma, ukitembea unahisi uko juu ya mkate. Bei si ile ya Dogo_Yard. Majengo mengi yako na kanuni kama hiyo, kila moja na yake.

Na kama umepanga, usiguse kabisa. Utaambiwa urudishe vile ilikuwa siku ya kuhama.

#17 Kibada_Kwetu
Juu ya mkate hahaha. Mleta mada yuko nyumba ya chini lakini, jirani wake wa chini ni panya.

#18 Nyundo_Saba
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nafanya kazi ya kubomoa nyumba huku Saitama, nyumba za miaka hiyo nimezifungua nyingi. Si viboriti, si mchwa. Ni bafu.

Bafu la enzi hizo lilijengwa kwa vigae juu ya saruji, ndani ya nyumba ya mbao. Nyumba inatikisika kwa matetemeko madogo kila mwaka, saruji haifuati, nyufa zinatokea mahali usipopaona. Maji ya kuoga yanapita nyuma ya vigae yanaingia kwenye boriti ya chini inayokalia msingi. Ukibomoa unakuta ile boriti upande wa bafu imekuwa kama tumbaku, na upande wa pili wa chumba ni nzima, bado inanukia. Kila mara. Mkwe_wa_Gunma, bafu lenu ni la vigae au la plastiki ya kipande kimoja?

#19 Mkwe_wa_Gunma
La vigae. Vya bluu.

#20 Nyundo_Saba
Nimemaliza.

#21 Mama_Chiba
Hujamaliza. Maji ya bafu yanaleta nani? Mchwa. Huyu mchwa wa kawaida wa Gunma hawezi kubeba maji mbali kama yule mkubwa wa pwani za kusini, anahitaji mbao iliyolowa. Kwa hiyo wewe na mimi tunasema kitu kimoja.

#22 Nyundo_Saba
Hatusemi kimoja dada yangu. Wewe utaita kampuni ya dawa, wapulize, wakupe dhamana ya miaka mitano, na maji yaendelee kuvuja chini ya vigae. Mimi nasema rekebisha bafu kwanza, sakafu baadaye.

#23 Randa_Kali
Na mimi bado sijashawishika. Boriti ikioza, ukuta wa bafu ungeonyesha: mlango haufungi, kigae kimepasuka. Mkwe hajasema hivyo. Kuna jambo jepesi zaidi. Sakafu hizi zinabebwa na vinguzo vifupi vilivyosimama juu ya mawe chini ya nyumba. Udongo ukishuka kidogo, kinguzo kinabaki kinaning'inia, hakigusi jiwe. Unakanyaga, boriti inashuka mpaka kinguzo kiguse, unatoa mguu inarudi. "Inabonyea halafu inarudi", maneno yake mwenyewe kwenye #1. Mbao iliyooza hairudi vizuri hivyo. Dawa yake ni kabari.

#24 Salma_Mhudumu
Habari zenu. Mimi ni mhudumu wa wazee Yokohama. Nashangaa mabandiko 23 yamepita na hakuna aliyetaja pesa ya bima ya matunzo ya wazee.

Mama mkwe kama ameshapimwa na halmashauri na kupewa daraja la kuhitaji msaada au matunzo, kuna fungu la kurekebisha nyumba: gharama mpaka yeni 200,000 zinahesabika, mnalipa asilimia 10, 20 au 30 kutegemea kipato. Kubadili tatami kuwa sakafu ngumu ili kigari au kiti cha magurudumu kipite ni mojawapo ya kazi zinazokubaliwa, na kuimarisha viboriti kwa ajili ya sakafu hiyo kumo pia. Lakini sikilizeni vizuri: ombi linapelekwa KABLA ya kazi, na maelezo ya sababu yaliyoandikwa na mratibu wake wa matunzo. Fundi akishaanza kugonga, mmechelewa.

Na jambo la pili. Fungu hilo ni la mahitaji ya mwili wa mzee, halilipi uchakavu wa nyumba. Ukiandika "sakafu imeoza tunaibadilisha", watakataa.

#25 Kibada_Kwetu
Kwa hiyo kumbe hili swali la "kwa nini inabonyea" lina bei yake!

#26 Nyundo_Saba
@Salma_Mhudumu umeleta hoja nzito. Ila asije akaficha uozo ili apate laki mbili. Kitanda kile na mama juu yake si uzito mdogo.

#27 Salma_Mhudumu
Sijasema afiche. Nasema ni kazi mbili, ziandikwe kwenye karatasi mbili za bei. Sakafu kwa ajili ya kigari ni ombi moja. Uozo, kama upo, mnalipa wenyewe. Mafundi waliozoea kazi za wazee wanajua kutenganisha.

#28 Dogo_Yard
Nyumba ya 1978 inatimiza sheria ya matetemeko kweli? Isije ikawa tunapamba sakafu ya nyumba itakayoanguka.

#29 Otieno_wa_Osaka
Hapana bana. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Juni 1981. Hiyo ya 1978 ni ya zamani, na tena mwaka huo huo ndio tetemeko la Miyagi lilifanya wakaze sheria. Halmashauri nyingi zinasaidia gharama ya kukagua nyumba za mbao za kabla ya 1981, zingine bure. Mkwe, uliza kabla hujafunga hiyo sakafu, maana wakitaka kuongeza vyuma kwa msingi watakuja kuing'oa tena.

#30 Mkwe_wa_Gunma
Wakuu, mrejesho. Leo nimeinua tatami mbili za kona na shemeji. Hakuna aliyeniambia uzito wake! Kiini ni majani makavu ya mpunga yaliyobanwa, moja inakaribia kilo 30. Mgongo wangu unaandika bandiko hili.

Chini yake nimekuta magazeti yametandazwa. La juu kabisa ni la Januari 1995, habari za tetemeko la Kobe ukurasa wa mbele. Shemeji kakaa chini kalisoma lote.

Mbao: zile za katikati ni kavu, za rangi ya kawaida. Karibu na ukuta wa bafu kuna doa jeusi, upana kama sinia. Nimechoma kwa bisibisi, inaingia kidogo, haipasuki. Nimeinua ubao mmoja. Vinjia vya udongo sijaviona. Kinguzo kimoja kweli hakigusi jiwe, nafasi ya kama unene wa sarafu mbili. Na tundu la hewa la upande huo kwa nje limezibwa na mashine ya kiyoyozi na mifuko ya udongo wa maua ya mama.

#31 Randa_Kali
Kinguzo! Nilisema.

#32 Nyundo_Saba
Doa jeusi ukuta wa bafu! Nilisema.

#33 Mama_Chiba
Hujaona vinjia kwenye ubao mmoja uliouinua. Inua mingine.

#34 Fumba_Macho
Mnaogombana wote mmelisahau tundu la hewa. Kanuni ya ujenzi huku inataka matundu kwenye msingi kila mita tano au chini ya hapo, kila moja sentimita za mraba 300, na sakafu iwe juu ya udongo sentimita 45 angalau. Sababu yake ni hii hii. Udongo ulio wazi chini ya nyumba unatoa mvuke usiku na mchana, hewa ikisimama mbao zinanyonya. Doa si la bafu wala mchwa, ni la mama na maua yake. Hamisha mifuko, fungua tundu, subiri mwezi.

#35 Nyundo_Saba
Basi kwa nini doa limekaa ukutani tu na katikati pakavu? Hewa iliyosimama ingelowesha chumba chote.

#36 Fumba_Macho
Kwa sababu kona ndiyo iko mbali na matundu mengine yaliyo wazi. Tena ukuta wa bafu ni baridi, mvuke unageuka maji hapo.

#37 Otieno_wa_Osaka
Na gazeti? Kama ni la 1995, mtu aliinua hizo tatami wakati huo na akaona hizo mbao. Kama doa lingekuwepo angebadilisha ubao. Kwa hivyo doa ni la baada ya 1995.

#38 Bi_Mwera
Au alilitumia gazeti kuukuu lililokaa stoo miaka kumi. Au aliliona doa, akalifunika. Wanaume.

#39 Mkwe_wa_Gunma
@Bi_Mwera mke wangu kacheka sana hapo.

Kwa sasa: mifuko ya udongo imehamishwa, mama kanuna. Mratibu wa matunzo anakuja wiki ijayo kuandika sababu, ahsante sana @Salma_Mhudumu. Fundi wa pili nimemtumia picha, kasema anataka kuona nyuma ya vigae kabla hajasema neno. Wa kwanza kasema picha hazina tatizo, aanze lini.

#40 Randa_Kali
Usimruhusu aanze.

#41 Nyundo_Saba
Hapo tu ndipo tunapokubaliana.

#42 Sao_Hill
Swali la pembeni. Hizo tatami kuukuu mnazipeleka wapi?

#43 Mkwe_wa_Gunma
Ni taka kubwa, unalipia kuzitupa. Fundi anaweza kuzichukua, anaongeza kwenye bei.

#44 Salma_Mhudumu
Kama kiini ni majani ya mpunga usizitupe zote. Mzee mmoja ninayemhudumia alizifumua akazitandaza bustanini kuzuia magugu, zikaoza zikawa mbolea. Angalia tu uzi wa kushonea kama ni nailoni, uutoe. Na kama kuna karatasi ya dawa ya wadudu ndani, hiyo usipeleke kwenye mboga.

#45 Dogo_Yard
Mkwe, mimi nina bustani na nina gari la mizigo. Niandalie nne, Jumapili nafika. Ila shemeji anisaidie kubeba.